Mkubwa Hajasema

Nchi ninayotaka kuisimulia siyo yetu. Nalisema hili mapema ili msomaji asianze kutambua watu. Nchi hiyo inaitwa Subira. Ina bendera yake, ina wimbo wake wenye beti nyingi kuliko wetu, na mawaziri wake ni wanene kwa namna tofauti kabisa na wa kwetu.

Zamani kidogo, mambo ya Subira yalitunzwa kwenye mafaili, na mafaili yalitunzwa na mchwa. Mwananchi akienda kuulizia hati ya shamba la babu yake, karani aliingia stoo, akapotelea humo, kisha akatoka na vumbi kwenye nyusi na kusema, "Mzee, babu yako ameliwa kuanzia jina hadi mpaka wa kaskazini. Njoo Alhamisi." Mwananchi alikuja Alhamisi. Hakuwa mjinga. Alijua hati haitakuwepo, ila katika Subira kuja Alhamisi ni sehemu ya uraia.

Ndipo Waziri wa Utunzaji wa Mambo, Mheshimiwa Daktari Kalumbete, aliposafiri ng'ambo kuhudhuria mkutano. Alisinzia mkutanoni, akaamka katikati ya sentensi moja, na sentensi hiyo akarudi nayo nyumbani.

"Ndugu wananchi!" alisema uwanja wa ndege. "Ghala la kisasa si nyumba. Ghala la kisasa ni programu! Wenzetu wameshaachana na kuta. Sisi tunang'ang'ania kuta za nini?"

Watu walipiga makofi. Waliokuwa wamebomolewa nyumba mwezi uliopita walipiga zaidi, wakidhani hatimaye wameelezwa sababu.

Kazi ya kuigeuza sentensi ya Waziri kuwa kitu alipewa Mhandisi Sikudhani, binti wa Kitopeni, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kufanya kazi aliyotumwa. Alitafuta kompyuta tatu za kawaida, kila moja ya kampuni yake, akaziweka kwenye makabati matatu ya chuma, akazitia programu moja. Programu ikazichukua diski zao zote ikazifanya kama bwawa moja. Ukitumbukiza jambo humo, linaandikwa mara tatu, nakala moja kwa kila mashine. Mashine moja ikifa, mbili zinalo. Nakala zikitofautiana, mashine zinapiga kura na wengi wanashinda. Bwawa likijaa, unaongeza kompyuta nyingine pembeni, nayo inajiunga bila hotuba.

Baraza la Mawaziri liliitwa kuliona Ghala. Waziri alizunguka makabati yote matatu, akayanusa, akauliza, "Na mkubwa wao ni yupi?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Zote ni sawa."

Baraza likanyamaza kama bweni linaposikia viatu vya mwalimu wa zamu.

Bwana Kilemile, Afisa Itifaki Mkuu wa Taifa, mtu ambaye nyumbani kwake hata mito ya kochi imepangwa kwa vyeo, alishika kifua. "Mhandisi, hebu nielewe. Hii mashine ya kwanza ni ya Ikulu. Hii ya pili, Wizara. Na hii ya tatu?"

"Idara ya Kambale na Mabwawa."

"Na zote zina kura sawa?"

"Moja moja."

"Kwa hiyo Wizara na Kambale wakielewana, Ikulu inashindwa?"

"Kwa kura mbili kwa moja."

"Jambo hilo lina jina lake," Bwana Kilemile alisema akiutazama mlango, "na adhabu yake naijua."

Siku ileile mashine zilipewa vyeo. Ya Ikulu ikawa Mkubwa. Ya Wizara ikawa Naibu. Ya Kambale ikawa Kambale. Sikudhani akaamriwa aiandike kwenye programu ile desturi ambayo kila Msubira hunyonya pamoja na maziwa ya mama: mdogo hasemi kabla ya mkubwa, na mkubwa akishasema, mdogo hana neno ila "naam". Na kwa kuwa wakubwa wa Subira hawabonyezi vitufe, mahali pa Mkubwa pakawekwa kinasa sauti. Sauti ya aliyeandikwa kukaa mahali hapo ikisikika, hata mlio mdogo wa "pii", ni ruhusa. Pakiwa kimya, bado.

"Na siku Mkubwa akinyamaza?" Sikudhani aliuliza.

"Mkubwa hanyamazi," Waziri alimjibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Hutafakari."

Kisha heshima zikaletwa. Kabati la Mkubwa lilitandikiwa zulia na kufunikwa na pazia zito la mahameli lenye nyuzi za dhahabu, kutoka juu hadi chini, ili Kambale asimwone usoni. Sikudhani akasema mashine hupumua, kwamba upande wa nyuma hutoa hewa ya moto na isipotoka itaungua. Bwana Kilemile akamwambia kwamba wakubwa wote ni wa moto, na hakuna aliyewahi kuvuliwa nguo kwa sababu hiyo.

Ghala likaanza kazi, na Subira ikatulia. Kila kitu kiliunganishwa humo: mageti ya hospitali, benki, vizuizi vya mpakani, simu, mishahara, kengele za shule. Kuna shule moja ya bweni huko, ambayo siijui kabisa, ila najua kwamba maharage yake yana wadudu. Jioni moja wanafunzi walipanga foleni na sahani zao. Naibu akaandika kwamba hawajala. Kambale akaandika kwamba hawajala. Mkubwa, ambaye kichwa kilikuwa kimeanza kupata moto na alikuwa bado anaitazama jana, akatoa mlio wake: wameshakula. Naibu na Kambale wakasema naam. Mpishi akasoma skrini, akafunika sufuria.

"Lakini mzee, sahani zetu ni kavu," kiranja wa chakula alilalamika.

"Mmezilamba vizuri," mpishi akasema. "Hongereni. Nendeni mkalale."

Wakaenda kulala wameshiba, kwa mujibu wa Ghala. Wizara ikapokea barua za pongezi kwa kuokoa maharage.

Sasa nieleze habari ya mlango, maana ndiyo habari yenyewe. Ghala lilikuwa na mlango mmoja wa chuma, nao ulikuwa mtiifu kuliko raia yeyote. Ulihesabu. Wakiingia wawili, wanatoka wawili, kisha chumba kinaandikwa kitupu. Na haukufunguka mpaka Mkubwa aseme.

Mimba ya Sikudhani ilikuwa imefikia pale ambapo watu humpisha mtu kiti bila kuombwa. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kwao Kitopeni binti huzaa mtoto wa kwanza mikononi mwa mama yake mzazi. Mama yake, Bi Somoe, alikuwa ameshachemsha maji mara kadhaa kwa majaribio. Mume wa Sikudhani, dereva wa lori, alikuwa mpakani akingoja mfumo urudi. Sikudhani aliomba likizo, Ghala likakubali, ianze adhuhuri ya siku hiyohiyo. Kilichobaki ni kumtembeza Waziri katika ukaguzi wa kushtukiza, ambao ulikuwa umetangazwa gazetini siku mbili kabla.

Waliingia watatu: Waziri, Bwana Kilemile na Sikudhani. Mlango ukajifunga nyuma yao. Waziri akampungia Mkubwa mkono, akapigwa picha na Bwana Kilemile, akatoa hotuba fupi kwa Naibu, akampuuza Kambale, akageuka kutoka.

Mlango haukufunguka. Kwenye skrini palikuwa na maneno manne: *Mkubwa hajasema. Tafadhali subirini.*

"Mhandisi, fungua."

"Haufunguki, Mheshimiwa. Mkubwa amenyamaza."

"Anatafakari," Bwana Kilemile alisahihisha.

Wakakaa kumngoja atafakari. Waziri alipiga simu Ikulu, na simu, ambayo nayo ilipitia Ghala, ikamwambia kwa sauti tamu kwamba ombi lake linamsubiri mkubwa. Akapiga kwa mkewe. Naye alikuwa anamsubiri mkubwa. Akaenda kwenye tundu la nyaya lililo karibu na mlango, akaweka mdomo, akaita. Nje alikuwepo mlinzi, Koplo Ndimbo.

"Nani humo?"

"Mimi, Waziri! Fungua!"

"Nitajie namba ya kitambulisho, Mheshimiwa, niihakiki kwenye mfumo."

"Mfumo ndio umenyamaza, wewe!"

"Basi tuusubiri, Mheshimiwa. Ndivyo mlivyotufundisha kwenye semina. Ile ya soda na sambusa."

Sikudhani alikuwa ameshika ukingo wa meza, na vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi. "Mheshimiwa," alisema, "uchungu umeanza."

"Uchungu wa nini? Sote tuna uchungu na nchi hii."

"Wa kuzaa."

Waziri alimtazama Bwana Kilemile. Bwana Kilemile akafikiri, akauliza kwa heshima zote, "Haiwezekani kuahirisha hadi mlango ufunguke?"

"Bwana Kilemile, hiki si kikao." Akavuta pumzi. "Nisikilizeni. Naibu na Kambale ni wazima, wana nakala zote. Mheshimiwa, nipe ruhusa niondoe sharti la vyeo. Watapiga kura wawili, mlango utafunguka sasa hivi, nami niwahi kwa mama yangu."

"Waamue bila mkubwa?"

"Bila."

"Nikuulize, Mhandisi. Unamkumbuka aliyekuwa Waziri kabla yangu?"

"Simkumbuki."

"Umeona?"

Uchungu ukaja tena, ukapita. "Basi kaa wewe mahali pa Mkubwa. Naandika jina lako, unakohoa mara moja kwenye kinasa sauti, tunatoka."

Waziri akaruka kitini kama aliyekalia siafu. "Mimi? Kiti cha Ikulu? Unataka mke wangu aitwe mjane?"

"Bwana Kilemile?"

Bwana Kilemile alikuwa ameshajificha nyuma ya Kambale. "Mimi napanga viti, Mhandisi. Sivikalii."

"Nikae mimi, basi."

"Ukikaa wewe," Waziri alisema, "sisi wawili tutaulizwa tulikuwa wapi."

Hivyo ndivyo watu watatu, na wa nne wao aliyekuwa njiani, walivyonasa katika chumba chenye kila taarifa ya taifa, na hakuna hata moja iliyosema watoke vipi. Naibu alikuwa anamngoja Mkubwa. Kambale alikuwa anamngoja Naibu. Waziri alikuwa anamngoja mtu yeyote. Mtoto peke yake ndiye hakuwa anamngoja mtu.

"Nipeni kitambaa," Sikudhani alisema sakafuni.

Kitambaa kilikuwa kimoja tu.

"Pazia la Mkubwa?" Bwana Kilemile akalia. "Lina nyuzi za dhahabu!"

"Ulishushe, au niinuke nilishushe mimi, na nikiinuka sitaishia kwenye pazia."

Akalishusha, macho amefumba. Joto likatoka nyuma ya kabati kama mtu amefunua sufuria ya pilau, na harufu ya plastiki ikajaa chumba. Mkubwa alikuwa ameivia ndani ya heshima zake.

"Ameungua," Sikudhani alisema.

"Tusiseme hivyo," Waziri akanong'ona. "Tuseme amestaafu ghafla."

Yaliyofuata nyuma ya makabati siwezi kuyaeleza. Mada hiyo katika baiolojia mwalimu wetu aliiruka, akasema tukasome wenyewe, na kurasa zake zilikuwa zimeshachanwa na kidato cha nne. Ninachojua ni kwamba Sikudhani alitoa amri, Bwana Kilemile akazitekeleza bila kuuliza nani mkubwa, na Waziri akashikilia tochi ya simu huku akiimba wimbo wa taifa, beti zote. Alipofika ubeti wa mifugo, mtoto akazaliwa, wa kiume, na papo hapo akapiga kelele.

Waziri alitokwa na machozi. Nadhani alikuwa hajawahi kusikia mtu akitoa maoni bila maandalizi.

Mtoto akafungwa katika mahameli. Lakini Sikudhani alikuwa amechoka kwa namna iliyomtisha hata Bwana Kilemile. Midomo ilikuwa mikavu, na alihitaji mkunga, maji na mama yake. Sasa kutoka hakukuwa tena jambo la likizo. Akaegemea kabati la Naibu, akavuta kibodi.

"Mheshimiwa, nimempata wa kukaa mahali pa Mkubwa."

Waziri aliangalia kule anakoangalia yeye. Akamtazama mtoto kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mgombea.

"Ana chama?"

"Hana hata jino."

"Amewahi kusema lolote hadharani?"

"Hilo moja mlilolisikia."

"Halikuwa na ukosoaji ndani yake?"

"Kwa kusikiliza kwangu," Bwana Kilemile alisema, "lilikuwa la jumla."

"Ameidhinishwa," Waziri akasema, akapangusa jasho.

Sikudhani akaandika. Naibu na Kambale wakamkubali Mkubwa mpya. Akamsogeza mtoto kwenye kinasa sauti, na mtoto, ambaye alitaka ziwa na si madaraka, akalia.

Kila kilichokuwa kikingoja katika nchi ya Subira kiliruhusiwa kwa mara moja. Mageti ya hospitali yalifunguka, malori yakavuka mpaka, walioomba viwanja, leseni na talaka wakapewa, hata wale wa talaka ambao walikuwa bado wanatafakari. Na mlango wa chuma ukafunguka.

Hapo Waziri alifanya kosa ambalo ni Waziri wa Subira tu angelifanya: alitoa hotuba ya kuaga. "Mtukufu Mkubwa," alianza, amepiga magoti, "kwa niaba yangu binafsi..." Bwana Kilemile, ambaye itifaki inamtaka asikae mkubwa anapoondoka, akamshika Sikudhani mkono wakatoka. Mlango ukahesabu: Mkubwa mmoja, mama mmoja, afisa mmoja. Waliingia watatu, wametoka watatu. Ukajifunga, ukaandika kwamba chumba ni kitupu.

Koplo Ndimbo alipiga saluti. "Mheshimiwa Waziri yuko wapi?"

"Ndani," Bwana Kilemile alisema.

Koplo akasoma skrini yake. "Ndani hakuna mtu, afande."

Sikudhani alitibiwa, akapona, akafika Kitopeni. Alitaka apumzike arobaini yake, aogeshwe kwa maji ya moto, anyweshwe uji wa pilipili manga na kugombezwa na mama yake. Lakini Mkubwa haachwi peke yake. Baraza zima la Mawaziri lilihamia uani kwa Bi Somoe na viti vyake, na kinasa sauti kikafungwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Mtoto akilia, benki zinafunguliwa. Akilala, nchi inatembea kwa vidole.

"Hawa wote ni wa nani?" Bi Somoe aliuliza siku ya kwanza, beseni mkononi.

"Wa mjukuu wako, mama."

"Wamekula?"

"Kwa mujibu wa Ghala, wamekula."

"Afadhali." Akammwagia mtoto maji. "Haya, Shazume wangu, geuka nikusugue."

Bwana Kilemile akakohoa. "Bibi, samahani. Mkubwa haitwi kwa jina."

"Na wewe hujaogeshwa siku nyingi, naona. Sogea nikuanzie masikioni."

Hata hivyo amri ilipita, na jina la mtoto likafutwa. Sikudhani alikwenda mbele ya Baraza na mtoto mgongoni. "Nilitaka arobaini," aliwaambia. "Mmenipa serikali. Nirudishieni mwanangu. Ondoeni vyeo, mashine ziwe sawa, nami niongeze ya tatu. Ni kazi ya asubuhi moja."

Baraza lilikubali kwa kauli moja. Ilihitajika sahihi ya waziri mwenye dhamana tu.

"Mwenye dhamana yumo ghalani."

"Ghala linasema hayumo."

"Basi vunjeni mlango!"

"Chumba kitupu kivunjwe cha nini?"

Lakini si kwamba hawakuwa na huruma. Walimpelekea Waziri chapati za kukunja kupitia tundu la nyaya, na yeye akawarudishia hotuba. Wakatafuta njia. Kilio cha Mkubwa kilitosha kwa mambo ya kawaida, ila Waziri hatolewi kwa kilio. Kwa heshima yake, ikaamuliwa, atatolewa kwa neno. Mkubwa akianza kusema, atatamka neno lake la kwanza kuhusu suala hilo, na neno hilo litakuwa la mwisho.

Sikudhani akapata tena matumaini. Kila jioni alimkalisha mtoto mapajani na kumwambia, "Sema: toka. Toka, baba, na wewe utoke." Mtoto alimshika pua. Miezi ikapita hivyo. Mawaziri wakaota vitambi vipya, meno mawili yakachomoza na kutangazwa gazetini.

Mke wa Waziri, Mama Kalumbete, alikuja kila asubuhi na zawadi, akampakata mtoto chini ya kamba ya nguo, akamnong'oneza sikioni. Watu walimwonea huruma. "Mwanamke mvumilivu," walisema. "Anamfundisha amwokoe mumewe."

Asubuhi moja Sikudhani alikuwa akianika nepi upande wa pili wa shuka lililolowa, akamsikia.

"Sema, baba. Ba-do. Ba-do."

Akafunua shuka. "Mama! Unamfundisha nini mwanangu?"

Mama Kalumbete hakushtuka. Alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu aliyelala usingizi wake wote. "Mwanangu," alisema, "wewe ulifungiwa naye mchana mmoja tu."

"Na mimi je? Na huyu? Asipotoka yeye, sahihi itatoka wapi?"

"Pole, mwanangu. Kila mtu ana mlango wake."

Sikudhani akanyoosha mikono amchukue mtoto. Mtoto aliitazama ile midomo miwili iliyokuwa ikigombana juu yake, akacheka, akageukia kile kidude cheusi kinachoning'inia kwenye kamba.

"Bado," akasema, wazi kabisa.

Mawaziri wote wakasimama. Na huko mjini, ndani ya chumba kisicho na mtu, Naibu na Kambale wakajibu kwa pamoja, "Naam."